Mafuta yanapoukaribia ufukwe: Je, safari ya likizo iendelee au ivunjwe?

Mwezi Mei mwaka 2010, familia nyingi nchini Marekani zilizokuwa zimelipia likizo katika fukwe za Ghuba ya Mexico zilikabiliwa na swali gumu: ziende, au zivunje safari? Mafuta ghafi yalikuwa yakibubujika kutoka chini ya bahari, na picha zake zilionekana katika taarifa za habari kila jioni. Hata hivyo, katika fukwe nyingi ambazo familia hizo zilikusudia kwenda, mchanga ulikuwa bado mweupe na maji yalikuwa safi.

Swali hilo lilihusu mambo mazito kuliko mapumziko. Kwa upande mmoja kulikuwa na akiba ya mwaka mzima na afya ya watoto. Kwa upande mwingine kulikuwa na riziki ya wapishi, wahudumu wa hoteli, manahodha wa mashua za uvuvi na wenye maduka madogo, ambao hutegemea mapato ya miezi michache ya kiangazi kuishi mwaka mzima. Makala haya yanaeleza kilichotokea, jinsi mafuta yanavyosafiri baharini, masharti ya fedha ambayo msafiri anapaswa kuyajua, na tahadhari za kiafya kwa anayeamua kwenda.

Nini kilitokea?

Aprili 20, 2010, mlipuko ulitokea katika mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon, takriban kilomita 66 kutoka pwani ya jimbo la Louisiana. Wafanyakazi 11 walipoteza maisha. Siku mbili baadaye mtambo huo ulizama, na kisima cha Macondo, kilichokuwa kikichimbwa kwa ajili ya kampuni ya BP katika maji yenye kina cha takriban mita 1,500, kikabaki kikivuja.

Makadirio ya kwanza yalikuwa madogo: mapipa 1,000 kwa siku, kisha 5,000. Baadaye wanasayansi wa serikali walikadiria kwamba mwanzoni yalikuwa yakitoka mapipa 62,000 kwa siku. Kisima kilizibwa Julai 15, baada ya siku 87, na kutangazwa kuwa kimefungwa kabisa Septemba 19. Serikali ilikadiria kuwa jumla ya mapipa milioni 4.9 yalitoka kisimani. Mwaka 2015 mahakama, ikitumia hesabu yake na kuondoa kiasi kilichonaswa kabla ya kuingia majini, iliamua kwamba mapipa milioni 3.19 yaliingia baharini.

Mabadiliko hayo ya takwimu yalikuwa na maana kubwa kwa msafiri. Kila idadi ilipopanda, imani ya watu kwa taarifa rasmi ilishuka, na wengi wakaanza kuamini uvumi kuliko matangazo. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ndivyo walivyohisi watu wengi katika mwambao wa Florida: mafuta hayakuwapo, lakini kila mtu alisema yanakuja.

Katika mji wa Pensacola Beach, ulioko magharibi mwa jimbo hilo, kungoja huko kulidumu siku 45. Madonge ya kwanza ya lami yalifika ufukweni Juni 4, siku chache baada ya mapumziko ya Siku ya Kumbukumbu, ambayo kwa Wamarekani hufungua msimu wa likizo za kiangazi. Mafuta mengi zaidi yalikuja Juni 23, na waogeleaji wakazuiwa kuingia majini.

Kwa nini mafuta hayafiki kila mahali?

Mafuta yaliyomwagika hayatandi baharini kama blanketi moja. Hugawanyika katika mabaka, michirizi na utando mwembamba, huku jua na mawimbi yakiyageuza polepole kuwa madonge mazito yanayofanana na lami. Mambo mawili huyasukuma: mkondo wa maji na upepo. Kwa makisio yanayotumiwa na wataalamu, upepo hulisukuma doa la mafuta kwa takriban asilimia 3 ya kasi yake. Upepo wa kilomita 30 kwa saa, kwa mfano, huweza kulisogeza doa karibu kilomita moja kwa saa. Ukivuma hivyo kwa siku mbili kuelekea nchi kavu, doa lililokuwa mbali huwa limekaribia. Ukigeuka, doa nalo hugeuka.

Mwezi huo wa Mei hofu kubwa ilikuwa juu ya mkondo wa bahari unaoingia katika Ghuba ya Mexico kutoka kusini, ukapinda, kisha ukatokea karibu na ncha ya kusini ya Florida kuelekea Atlantiki. Sehemu ndogo ya mafuta iliingia katika mkondo huo, na ikahofiwa kwamba yangefikishwa hadi visiwa vya Florida Keys. Lakini sehemu ya mkondo ilijikata na kuwa duara la maji linalozunguka peke yake katikati ya Ghuba, na njia ya kuelekea kusini ikadhoofika. Fukwe za kusini magharibi mwa Florida na visiwa vya Keys hazikufikiwa na mafuta hayo.

Kuna tukio moja linaloonyesha jinsi hofu ilivyoweza kutangulia ukweli. Katikati ya Mei, madonge ya lami yaliokotwa katika ufukwe wa Key West. Habari zilienea mara moja kwamba mafuta yamefika. Kikosi cha Walinzi wa Pwani kilipeleka sampuli maabara, na uchunguzi ukaonyesha kwamba hayakutoka katika kisima cha Macondo. Madonge ya aina hiyo huonekana mara kwa mara katika fukwe nyingi duniani, kutokana na meli zinazopita au na mafuta yanayochuruzika yenyewe kutoka sakafu ya bahari.

Mfano mwingine ni picha za mwari waliolowa mafuta, zilizopigwa Juni 3 katika kisiwa cha East Grand Terre, Louisiana. Picha hizo zilikuwa za kweli na zilionyesha maafa makubwa, kwani mabwawa ya pwani ya Louisiana ndiyo yaliyoathirika vibaya zaidi. Lakini mtazamaji aliyekuwa amepanga kwenda Key West, mamia ya kilomita kutoka hapo, naye aliziona kama picha za mahali alipokuwa akienda. Key West na Pensacola zote ziko katika jimbo moja la Florida, ilhali zimetengana kwa zaidi ya kilomita 800. Jina la jimbo, sembuse jina la bahari, halikutosha kumwambia mtu hali ya ufukwe wake.

Jinsi ya kujua hali ya ufukwe mmoja

Wakati wa mkasa huo, Mamlaka ya Kitaifa ya Bahari na Anga ya Marekani, NOAA, ilitoa ramani za utabiri zilizoonyesha mahali ambapo mafuta yangeweza kufika katika saa 24, 48 na 72. Juni 2010 tovuti ya ramani ilifunguliwa kwa umma, ili mtu aweze kuona mafuta yalipo, maeneo yaliyofungwa kwa uvuvi na fukwe zilizokaguliwa.

Utabiri wa aina hiyo una mpaka wake. Kwa siku tatu, msafiri anaweza kuutegemea kwa kiasi. Kwa safari iliyo mbali kwa mwezi mmoja, hakuna ramani inayoweza kumhakikishia lolote, kwa sababu hakuna anayejua upepo wa siku hiyo utavuma kutoka wapi. Kwa hiyo uamuzi wa busara huwa na hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kujua tarehe ya mwisho ambayo safari inaweza kuvunjwa au kuahirishwa bila hasara kubwa. Hatua ya pili ni kungoja hadi karibu na tarehe hiyo, kisha kutazama hali ilivyo. Anayevunja safari siku ya kwanza ya habari mbaya hupoteza nafasi ya kujua. Anayengoja bila kuijua tarehe hiyo huweza kupoteza fedha zake.

Vyanzo bora ni vile vilivyo karibu zaidi na mchanga wenyewe: idara ya afya ya wilaya, waokoaji wa ufukweni, na taarifa rasmi za mji husika. Katika fukwe za Florida, bendera mbili nyekundu zinapopandishwa pamoja, maana yake ni kwamba maji yamefungwa kwa watu wote. Picha za kamera zinazorusha mandhari ya ufukwe moja kwa moja nazo husaidia, mradi msafiri akumbuke kwamba kamera haionyeshi kilichomo ndani ya maji. Taarifa za mwenye hoteli zina thamani yake, lakini yeye ana maslahi katika jibu. Ni vyema zilinganishwe na za mamlaka.

Fedha: arbuni, mkataba na bima

Wasafiri wengi waligundua mwaka 2010 kwamba mkataba walioutia saini haukutaja mafuta hata kidogo. Mikataba ya kukodi nyumba za likizo katika pwani hiyo kwa kawaida hutaja vimbunga, na mingi hurudisha fedha endapo mamlaka itaamuru watu wahame. Mafuta yanayoelea baharini hayaleti amri ya kuhama. Nyumba inabaki salama, umeme upo, maji ya bomba yapo. Kilichoharibika ni ufukwe, ambao si mali ya mwenye nyumba.

Baadhi ya hoteli na wapangishaji waliona kwamba wangepoteza wateja wote wasipobadili masharti. Wakaahidi kurudisha fedha, au kumruhusu mgeni aondoke mapema bila adhabu, endapo mafuta yangefika. Ahadi hizo zilisaidia, lakini zilihitaji kusomwa kwa makini. Nyingine zilikuwa na nguvu pale tu mamlaka ilipofunga ufukwe rasmi. Ufukwe wenye madonge ya lami na harufu ya mafuta, lakini ambao haujafungwa kwa amri, haukumpa mgeni haki yoyote chini ya ahadi ya namna hiyo.

Bima ya safari nayo ina mipaka. Bima ya kawaida hulipa kwa sababu zilizoorodheshwa, kama vile ugonjwa, kifo katika familia au hali mbaya ya hewa inayozuia usafiri. Hofu ya kufika kwa mafuta kwa kawaida haimo katika orodha hiyo. Aidha, bima inayonunuliwa baada ya tukio kujulikana kwa umma kwa kawaida hailipi madai yanayotokana na tukio hilo. Ipo bima inayomruhusu mtu kuvunja safari kwa sababu yoyote ile, lakini hugharimu zaidi, hutakiwa kununuliwa mapema baada ya malipo ya kwanza, na hurudisha sehemu tu ya fedha.

Kutokana na hayo, mazungumzo ya kuahirisha mara nyingi huzaa matunda kuliko madai ya kurudishiwa arbuni. Mwenye nyumba aliyekwisha kutumia malipo ya awali huona tabu kuyarudisha, lakini huweza kukubali kusogeza tarehe hadi msimu mwingine. Makubaliano yoyote ya namna hiyo yaandikwe. Ahadi ya simu husahaulika upesi.

Tahadhari za kiafya

Mafuta yanayotoka moja kwa moja kisimani huwa na kemikali zinazoruka hewani, zikiwemo zinazodhuru zikivutwa kwa wingi. Kadiri siku zinavyopita, sehemu kubwa ya kemikali hizo huyeyukia angani, na kinachofika ufukweni mbali na kisima huwa mafuta mazito yaliyochakaa. Kwa watu wengi, kugusa donge dogo la lami kwa muda mfupi hakuleti madhara. Lakini baadhi ya watu ngozi zao huwasha au kutoka vipele, na haifai kuyagusa kwa makusudi.

Ushauri uliotolewa na mamlaka za afya ulikuwa rahisi kufuatwa. Usiogelee palipo na utando wa mafuta unaong'aa juu ya maji au mahali palipowekwa tangazo la katazo. Lami ikinata mwilini, ioshwe kwa sabuni na maji, au ilainishwe kwa mafuta ya watoto. Petroli, mafuta ya taa na dawa za kuondolea rangi zisitumiwe kwenye ngozi. Ukisikia harufu kali ikifuatiwa na maumivu ya kichwa, kichefuchefu au macho kuwasha, ondoka eneo hilo. Wenye pumu, wajawazito na watoto wadogo wawe wa kwanza kuondolewa. Watoto huhitaji uangalizi wa pekee, kwa kuwa huchimba mchanga kwa mikono na kisha kuitia mikono hiyo kinywani.

Kuhusu samaki, serikali ilifunga maeneo makubwa ya bahari kwa uvuvi. Mwanzoni mwa Juni 2010, takriban asilimia 37 ya maji ya Ghuba yaliyo chini ya serikali kuu ya Marekani yalikuwa yamefungwa, na yalifunguliwa hatua kwa hatua baada ya samaki kupimwa.

Ufukwe unaoonekana safi leo huweza pia kubadilika. Baadhi ya mafuta yalichanganyika na mchanga na kuzama karibu na ufuko, yakawa mikeka mizito chini ya mawimbi. Kimbunga Isaac kilipopiga Agosti 2012, miaka miwili baada ya kisima kuzibwa, mawimbi yalifukua mikeka hiyo na kutupa madonge mapya katika fukwe za Louisiana na Alabama.

Hasara ya waliobaki pwani

Wageni walipovunja safari zao, hasara iliwafika hata watu ambao hawakuona tone la mafuta. Uchunguzi wa serikali uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba zaidi ya siku milioni 16 za matembezi ya ufukweni, uvuvi wa burudani na safari za mashua zilipotea, na thamani yake ikawekwa kuwa dola milioni 693. Baadhi ya vyumba vya hoteli vilijaa wafanyakazi wa usafishaji na waandishi wa habari, lakini hao hawakununua nguo za kuogelea wala kukodi mashua za uvuvi.

Jitihada za kuwarejesha wageni zilianza mapema. Mwezi Mei BP ilizipatia Florida dola milioni 25, na Alabama, Mississippi na Louisiana dola milioni 15 kila moja, kwa ajili ya kutangaza utalii. Julai 11, mwanamuziki Jimmy Buffett alifanya tamasha la bure katika ufukwe wa Gulf Shores, Alabama, likahudhuriwa na watu takriban 35,000. Siku iliyofuata, Michelle Obama alizuru Panama City Beach, Florida, akiwahimiza Wamarekani waende. Katikati ya Agosti familia ya Rais Barack Obama ilirudi huko kwa likizo fupi, na picha ya rais akiogelea na binti yake Sasha ikasambazwa. Mji huo uko takriban kilomita 150 mashariki mwa Pensacola, na ulipata madhara madogo zaidi.

Fidia ilizua mjadala wa aina yake. Juni 2010 BP ilikubali kutenga dola bilioni 20 kwa ajili ya walioathirika, na wakili Kenneth Feinberg akateuliwa kusimamia madai. Je, mwenye mkahawa katika mji ambao mafuta hayakufika kabisa, lakini wateja wake wameogopa kuja, anastahili kulipwa? Mwanzoni umbali kutoka kwenye mafuta ulikuwa kigezo cha kuamua. Oktoba mwaka huo Feinberg aliondoa sharti hilo, akikubali kwamba hofu peke yake inaweza kumnyima mtu riziki.

Hilo halimaanishi kwamba mgeni ana wajibu wa kwenda ili kuwahurumia wenyeji. Hakuna anayepaswa kumpeleka mtoto mwenye pumu mahali penye harufu ya mafuta. Lakini mgeni anayevunja safari bila kuuliza, ilhali ufukwe ni safi, humtia mwenzake hasarani bila yeye mwenyewe kupata faida yoyote.

Karibu na kwetu

Maafa ya aina hii hayako mbali na Bahari ya Hindi. Julai 25, 2020, meli ya Wakashio ilikwama kwenye mwamba wa matumbawe karibu na Pointe d'Esny, kusini mashariki mwa Mauritius, na mwanzoni mwa Agosti takriban tani 1,000 za mafuta zikavuja. Wananchi walijitokeza kwa wingi kushona vizuizi vya kuelea kwa majani ya miwa. Mipaka ya nchi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya virusi vya corona, hivyo watalii wa kigeni hawakuwapo. Lakini fukwe za kaskazini ziko upande mwingine kabisa wa kisiwa hicho.

Nchini Kenya, mwaka 2005 mafuta yalimwagika kutoka meli katika bandari ya Mombasa na kuathiri mikoko ya hori la Port Reitz. Hori hilo liko upande wa bara wa kisiwa cha Mombasa, ilhali fukwe za Nyali, Bamburi na Diani zinatazama bahari kuu. Msikilizaji aliye Kampala, Kigali au Bujumbura akisikia kwamba "mafuta yamemwagika Mombasa," hajajua bado iwapo ufukwe aliopanga kwenda umeguswa. Katika mwambao wetu, swali la kwanza lingekuwa kama ni majira ya kusi au ya kaskazi, kwani upepo ndio ungeonyesha upande wa hatari.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kuamua

Ufukwe ninaokwenda unaitwaje hasa, na uko umbali gani kutoka kwenye mafuta?

Upepo na mkondo vinaelekea wapi katika siku tatu zijazo?

Tarehe ya mwisho ya kuahirisha bila hasara ni ipi, na masharti hayo yameandikwa wapi?

Fedha zitarudishwa ufukwe ukichafuka, au mpaka ufungwe kwa amri?

Katika msafara wangu yupo mwenye pumu, mjamzito au mtoto mdogo?

Ikiwa bahari itafungwa siku ya pili ya likizo, kuna jambo jingine la kufanya katika mji huo, au safari yote ilikuwa ni kuogelea?

Mwenye majibu ya maswali hayo anaweza kwenda kwa utulivu au kuahirisha bila majuto. Waliopata hasara kubwa zaidi mwaka 2010 walikuwa wale walioamua kwa kutazama picha za ufukwe wa watu wengine.